Juu ya Kufuata Nyayo za Korona

Msomaji, bila shaka umepata kumwona mchungaji wa ng'ombe akiitazama ardhi baada ya mvua. Mtu asiyejua huona matope tu, bali mchungaji huona kwato: huyu alipita alfajiri, huyu ana mguu mbovu, huyu si wa zizi letu. Katika insha hii nataka kukueleza habari za watu wenye kazi kama hiyo, isipokuwa mnyama wanayemfuata hana kwato, haonekani kwa macho, na katika wiki moja aweza kupita Johannesburg, Amsterdam na Mombasa. Mnyama huyo ni kirusi cha korona, na nyayo zake ni herufi.

Nina sababu mbili za kuichagua habari hii. Ya kwanza ni kwamba wewe uliyekuwa mtoto mdogo mwaka 2020 wakumbuka barakoa, shule zilizofungwa na mitungi ya maji ya kunawia mikono milangoni, lakini aghalabu hukuelezwa kazi iliyokuwa ikifanywa usiku na mchana katika maabara, ambayo bila yake madaktari wangepigana na adui wasiyemjua sura. Ya pili ni kwamba ndani ya habari hii limo swali gumu. Mtu anayegundua hatari nyumbani mwake, aseme au anyamaze? Swali hilo lilijibiwa na watu wa bara letu wenyewe mwezi wa Novemba 2021, na namna walivyolipwa haijanitoka moyoni hata leo.

Tuanze na hizo herufi. Ndani ya kirusi cha korona mna uzi mmoja mwembamba mno, na katika uzi huo yameandikwa maagizo ya kutengeneza virusi vingine. Maandishi hayo yana herufi za aina 4 tu, lakini jumla yake hukaribia 30,000. Kirusi kikiingia katika chembe ya mwili wa mtu, huifanya chembe hiyo kuwa karakana yake, na uzi ule hunakiliwa mara nyingi sana. Mnakili huyu ana haraka. Mara nyingi hunakili vizuri, lakini mara moja moja huweka herufi moja mahali pa nyingine, au huruka herufi kadhaa, kisha huendelea na kazi kana kwamba halikutokea jambo.

Hapo msomaji wa pwani atanielewa upesi. Kabla ya vitabu vyetu kupigwa chapa, tenzi zilinakiliwa kwa mkono katika hati za Kiarabu. Utenzi alioutunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 umetufikia kwa miswada kadhaa, na miswada hiyo hailingani neno kwa neno. Mnakili akikosea neno, yule atakayeunakili mswada wake atalirudia kosa lile akidhani ndilo neno la mtungaji, na yeye naye ataongeza kosa lake. Basi bingwa wa miswada akikuta makosa yale yale katika miswada miwili, hujua kwamba miswada hiyo ni ya ukoo mmoja. Naam, makosa ndiyo yanayotoboa siri ya nasaba.

Kazi ya kufuata korona ni hiyo hiyo. Daktari huchukua ute wa puani kwa kijiti chenye pamba. Maabara huuthibitisha ugonjwa, kisha, kwa baadhi ya sampuli tu, husoma herufi zote za kirusi kilichomo na kuzilinganisha na zile zilizosomwa kwingineko. Kwa wastani ukoo mmoja wa kirusi hiki hubadilika herufi kama 2 kwa mwezi. Kwa hiyo mtu akikuta tofauti ya herufi 4 baina ya mgonjwa wa Nairobi na mgonjwa wa London, aweza kukisia ni lini babu wa virusi hivyo viwili alikuwa mmoja. Mabadiliko mengi hayana athari yoyote, hayakifanyi kirusi kuwa kikali wala kipole. Lakini machache huangukia mahali pa hatari, hasa katika ile sehemu inayoandika miiba ambayo kirusi hujishikizia kwenye chembe zetu. Hayo ndiyo huzaa aina mpya ya kuogopwa.

Yote haya yasingewezekana pasipo kuwa na mswada wa kwanza wa kulinganishia. Mswada huo ulitolewa hadharani Januari 2020 na bingwa wa China, Zhang Yongzhen, kwa msaada wa mwenzake Edward Holmes wa Chuo Kikuu cha Sydney. Tangu siku hiyo maabara za dunia zikaanza kuweka nakala zao katika ghala moja liitwalo GISAID, ambalo lilianzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya mafua. Ghala hilo limepokea zaidi ya nakala milioni 15 za korona. Sidhani kama kuna kiumbe mwingine ulimwenguni aliyepata kusomwa namna hiyo.

Na majina je? Huenda ulipata kuona katika magazeti majina kama B.1.1.7 ukadhani ni namba za magari. Huo ni mpango wa nasaba uliopendekezwa mwaka 2020 na Andrew Rambaut na wenzake. Kizazi huandikwa kwa kuongezewa namba kila kikizaliwa, kama sisi tunavyosema fulani bin fulani bin fulani. Jina likizidi namba tatu hufupishwa kwa herufi mpya, maana hata wataalamu huchoka. Mpango huu ni mzuri kwa maabara, lakini haufai kwa redio. Kwa hiyo watu wa kawaida walitumia majina ya nchi: wakasema kirusi cha Uingereza, kirusi cha Afrika Kusini, kirusi cha Uhindi. Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani likatoa shauri la kutumia herufi za Kigiriki, yaani Alpha, Beta, Gamma, Delta na kuendelea. Wako waliocheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nakumbuka kwamba mafua makubwa ya mwaka 1918 mpaka leo yanaitwa ya Hispania, ingawa hakuna uthibitisho kwamba yalianzia huko. Magazeti ya Hispania yalikuwa huru kuyaandika wakati nchi zilizokuwa vitani zikiyaficha, na malipo ya uhuru huo yakawa ni kubandikwa jina kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa nikurudishe nyumbani. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kilifi, mahali ambapo wengi hupajua kwa minazi na fukwe tu, pana maabara ya utafiti ya KEMRI na washirika wake, na maabara hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza nchini kusoma herufi za kirusi hiki. Wataalamu wake walikusanya sampuli kutoka kaunti 6 za pwani: Mombasa, Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Walipozipanga nasaba zile waliona kwamba korona haikuingia pwani mara moja kama jeshi linaloshuka katika jahazi moja. Iliingia mara nyingi, kwa koo nyingi, na mji wa Mombasa ndio uliokuwa lango kubwa, kisha ikasambaa kwenda kaunti nyingine. Mtu aweza kusema kwamba jambo hilo hata mzee asiyesoma angelikisia, kwa kuwa Mombasa imekuwa lango la kheri na shari tangu zama za pepo za kusi na kaskazi. Ni kweli. Lakini kukisia ni jambo moja, na kuonyesha njia herufi kwa herufi ni jambo jingine.

Upande wa magharibi habari ilinigusa kwa karibu zaidi. Ndugu yangu mmoja ni dereva wa lori la safari ndefu, huchukua mizigo bandarini Mombasa na kuipeleka Kampala. Mwezi wa Mei 2020 alikaa siku nne katika mlolongo wa malori huko Malaba, akingoja kupimwa. Mlolongo ule ulikuwa wa kilomita nyingi. Katika mji mmoja mdogo njiani mama muuza chai alikataa kumwuzia. Alimwekea kikombe chini mbali naye, kisha akabadili nia na kukiondoa. "Nyinyi ndio mnaotuletea," alimwambia. Ndugu yangu ni mtu mzima mwenye wajukuu, na aliponisimulia habari ile sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtoto aliyeonewa.

Je, mama yule alisema kweli? Wataalamu wa Entebbe walizisoma herufi za virusi vya mwanzo vilivyopatikana Uganda, vya abiria wa ndege na vya madereva wa malori. Walikuta koo mbalimbali, zilizoingia kwa milango zaidi ya mmoja. Madereva walikuwamo, naam, lakini ndege nazo zilikuwamo, na waliopanda ndege hawakunyimwa chai na mtu. Baadaye, katika mwaka huo huo wa 2020, ukazuka Uganda kwenyewe ukoo mpya ulioitwa A.23.1, ambao mwisho wa mwaka ulikuwa umezishinda koo nyingine zote katika nchi ile. Hakuna dereva aliyeuleta. Ulizaliwa pale pale.

Wala usidhani mambo ya malori ni ya Afrika peke yake. Mwezi wa Desemba 2020 Waingereza waligundua kwamba katika wilaya yao ya Kent ugonjwa ulizidi kuongezeka ingawa watu walikuwa wamezuiwa kutembea. Walipotazama nasaba waliona ukoo mmoja, ule ule wa B.1.1.7 ambao leo twauita Alpha, uliokwisha kuonekana katika sampuli za Septemba, ukikua kwa kasi kuliko koo zote. Walitangaza tarehe 14 Desemba. Haikupita hata wiki, nchi nyingi zikawafungia milango. Ufaransa ikafunga mpaka wake kwa saa 48, na malori elfu kadhaa yakakwama karibu na bandari ya Dover, madereva wakila Krismasi barabarani. Nilimwonyesha ndugu yangu picha zile. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba angalau wao walikuwa na baridi ya kuwaondolea harufu.

Jambo moja la ajabu katika kazi hii ni kwamba mara nyingine nyayo huonekana mbali na zizi. Aina ya Gamma ilikuwa ikienea Manaus katika misitu ya Brazil, lakini waliotangulia kuitambua ni Wajapani, kwa wasafiri waliotoka Amazonas wakashuka katika uwanja wa ndege wa Haneda mwanzoni mwa Januari 2021. Kadhalika mwaka huo huo Angola iliwapima wasafiri waliotoka Tanzania, ikakuta kwa watatu wao ukoo wenye mabadiliko mengi ambao haukuwa umeonekana kwingine. Wakati ule Tanzania ilikuwa imeacha kutoa hesabu za wagonjwa tangu mwaka 2020, na ikarudi kuzitoa baadaye katika 2021. Sitaki kuwasema jirani, maana kila nyumba ina siku yake ya kufunga madirisha. Nataka uone jambo lenyewe tu: kirusi hakingoji ruhusa ya mwenye nyumba, na mtu asipokihesabu yeye, kitahesabiwa na mwingine mbele ya safari.

Delta ilitufikia kutoka Uhindi katika mwaka 2021, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ilipotambuliwa katika Kenya. Tarehe 17 Juni serikali iliziwekea kaunti 13 za magharibi na za kando ya ziwa kafyu ya kuanzia saa 1 jioni hadi saa 10 alfajiri. Wengi wenu mwajua misiba ya mwaka ule bila ya mimi kuwaambia.

Nafika sasa kwenye habari iliyonifanya nishike kalamu. Ili uifahamu vizuri ni lazima kwanza nikueleze kipimo kimoja. Kipimo kilichotumika sana katika maabara nyingi hutafuta sehemu 3 mbalimbali katika maandishi ya kirusi. Zote 3 zikipatikana, mtu ana korona. Sasa Alpha ilikuwa imeruka herufi 6 katika sehemu ya miiba, na kwa sababu ya pengo hilo kipimo kilipata sehemu 2 tu, ya tatu ikawa kimya. Delta haikuwa na pengo hilo. Kwa hiyo ilipofika katikati ya mwaka 2021, Delta ilipokuwa imetawala dunia nzima, karibu kila kipimo cha namna hiyo kilijibu kwa sehemu 3 kamili.

Mwezi wa Novemba 2021, katika jimbo la Gauteng huko Afrika Kusini, wafanyakazi wa maabara moja ya watu binafsi waliona vipimo vimeanza tena kujibu kwa sehemu 2. Jambo dogo! Mtu mvivu angesema ni hitilafu ya mashine, akaenda kunywa chai. Hawa hawakwenda. Waliomba sampuli zisomwe herufi zote. Wakati uo huo, nchini Botswana, Sikhulile Moyo na wenzake walikuwa wakizisoma sampuli zilizochukuliwa tarehe 11 Novemba kwa wageni 4 waliosafiri kuingia nchini humo. Kule na huku waliona kitu kimoja: kirusi chenye mabadiliko kama 50, na katika hayo zaidi ya 30 yalikuwa kwenye miiba. Hakikuwa mtoto wa Delta, wala wa Alpha, wala wa Beta. Kilikuwa kimetengana na ndugu zake tangu zamani, kikakua mahali pasipojulikana. Wako wanaodhani kilikaa miezi mingi katika mwili wa mgonjwa mmoja asiye na nguvu ya kukitoa. Wako wanaodhani kilipita kwa wanyama. Hilo bado lina mjadala.

Fikiri, msomaji, hali ya watu hawa. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuonja adhabu ya kusema. Desemba 18 ya mwaka 2020 ilitangaza aina ya Beta, na kwa miezi kadhaa jina la nchi likabandikwa juu ya ugonjwa. Sasa ilikuwa Novemba tena, msimu wa watalii ukikaribia, mahoteli yakitumaini kupata wageni baada ya njaa ya miaka miwili. Kunyamaza wiki mbili kusingekuwa dhambi ya kuonekana. Wangeweza kusema wanangoja uthibitisho, na hakuna ambaye angeweza kuwalaumu. Hata hivyo waliziweka nakala zao hadharani, na tarehe 25 Novemba Profesa Tulio de Oliveira, akiwa pamoja na Waziri wa Afya Joe Phaahla, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kila walichokijua na kila wasichokijua bado. Siku ya pili yake, tarehe 26, Shirika la Afya Duniani lilikipa kirusi hicho jina la Omicron, likiruka herufi mbili za Kigiriki: moja kwa sababu husikika kama neno la Kiingereza la kitu kipya, nyingine kwa sababu ni jina la ukoo la watu wengi.

Malipo yalikuja kabla hata jina halijakauka wino. Uingereza ilitangaza usiku ule ule wa tarehe 25 kwamba inazizuia nchi 6 za kusini mwa Afrika, na baadaye ikaziongeza zikawa 11. Jumuiya ya Ulaya na Marekani zikafuata, na nyingi nyingine. Nisifiche kwamba katika Afrika yenyewe Rwanda na Angola nazo zilisimamisha safari. Lesotho na Eswatini ziliadhibiwa kwa ujirani tu. Ijumaa ya tarehe 26 ndege mbili kutoka Afrika Kusini zilitua Amsterdam zikiwa na abiria zaidi ya 600. Walizuiwa kwa saa nyingi, wakapimwa, na 61 wakakutwa na korona, baadhi yao wakiwa na Omicron. Magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba Omicron imefika.

Lakini herufi hazijui adabu ya wakubwa. Siku chache baadaye, tarehe 30 Novemba, Waholanzi wenyewe walitangaza kwamba wamerudi kuzitazama sampuli zao za zamani wakaikuta Omicron katika sampuli za tarehe 19 na 23 Novemba. Yaani mgeni aliyefungiwa mlango alikuwa amekwisha kula chakula cha jioni ndani. Kufikia tarehe 14 Desemba nchi 77 zilikuwa zimeripoti wagonjwa wa Omicron, Kenya ikafuata katika mwezi huo huo, na Uingereza ilipoona imejaa yenyewe iliziondoa nchi zote 11 katika orodha yake tarehe 15 Desemba. Marekani iliondoa marufuku yake siku ya mwisho ya mwaka.

Sisemi kwamba kufunga mpaka hakufai kamwe. Serikali iliyo na hofu huona ni afadhali kufanya jambo kuliko kukaa, na siku chache za kujiandaa zaweza kuwa na faida hospitalini. Lakini tazama jambo moja ambalo halikuandikwa sana. Dawa za maabara zinazotumika kusoma herufi za kirusi huja kwa ndege. Ndege zilipokatazwa, Profesa de Oliveira alionya kwamba dawa hizo zitawaishia. Mlinzi alipiga kelele kuwa mwizi yuko kijijini, na wanakijiji wakamnyang'anya taa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliziita hatua zile ubaguzi wa safari, akatumia neno lile lile la ubaguzi wa rangi wa Makaburu, na mimi sioni kwamba alitia chumvi.

Huenda utauliza kama kusema kulisaidia kitu. Kulisaidia. Kwa kuwa herufi zilitolewa mapema, maabara duniani kote zilijua kwamba kipimo kinachojibu kwa sehemu 2 si hitilafu, zikaweza kuifuata Omicron siku kwa siku bila kungoja kusoma sampuli nzima. Madaktari walijua mapema kwamba baadhi ya dawa za kinga zilizotengenezwa kwa virusi vya kwanza zitapungukiwa nguvu. Watengenezaji wa chanjo waliweza kuanza kuzirekebisha. Nao wanasayansi wa Afrika, ambao mwanzoni walikuwa wakipeleka sampuli nyingine ng'ambo na kungoja majibu, walikuwa wamejijenga wenyewe: mwaka 2022 waliandika kwamba nakala zilizotoka barani zimefika 100,000. Hesabu hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ya Ulaya, lakini iliibua Beta na Omicron kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari iliyotangazwa tangu Januari 2020 imekwisha. Hatari ilikwisha kwa jina, bali kirusi hakikwenda popote. Watu waliacha kujipima, fedha zikapungua, na nakala zinazoingia ghalani zikawa chache. Kufuata nyayo kukawa kugumu zaidi, kwa sababu sasa mchungaji hutazama matope machache tu. Hata hivyo mwezi wa Agosti 2023 nakala chache, za mwanzo kutoka Denmark na Israel, zilionyesha kizazi cha Omicron kilichobadilika sana, kikaitwa BA.2.86. Wengi walidhani kitakufa. Mjukuu wake JN.1, baada ya miezi michache tu, alikuwa amezishinda koo nyingine karibu dunia nzima, na chanjo za mwaka 2024 zikatengenezwa kwa sura yake.

Njia moja inayotumika sasa ni ya maji taka. Mgonjwa hutoa virusi chooni hata kama hajaenda kwa daktari, na maji ya mtaa mzima yakichukuliwa katika chupa moja huweza kusomwa herufi zake. Si jambo geni kwetu, kwa maana hapa Kenya maji taka yalichunguzwa kutafuta polio kabla korona haijajulikana. Nchi nyingine huchukua maji ya vyoo vya ndege zinapotua. Chupa ile haina jina la mtu, haina uraia, wala haisemi ni nani aliyekaa kiti gani. Nilimweleza ndugu yangu dereva habari hiyo alipopita kwangu mwaka jana akielekea Kampala. Alicheka sana, kisha akaniuliza kwa nini hawakuchukua chupa moja tu kule Malaba, wakamwacha yeye anywe chai yake.